Kuitunza nyumba ya mawe Mji Mkongwe: fuata maji

Nyumba yetu iko Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, Unguja, kwenye kichochoro ambacho mikokoteni miwili haipishani. Baba kazaliwa humo, na mimi nimezaliwa humo. Mwaka mmoja, baada ya masika, ukuta wa chumba cha chini ulianza kumomonyoka. Plasta ya chokaa ilikuwa inabanduka vipande vipande na unga mweupe unaanguka juu ya godoro. Tukamwita fundi, kijana mwenye bidii, akasema dawa yake ni saruji. Akaukwangua ukuta, akaupiga lipu ya saruji hadi darini, nasi tukapaka rangi ya mafuta. Kila mgeni alisifu.

Mwaka wa tano sakafu ya juu ikaanza kubonyea pembeni. Tulipoifungua tuliona kwamba bomba la choo cha juu lilikuwa linavuja kidogo kidogo nyuma ya ukuta, na maji hayakuwa na pa kutokea. Ncha za boriti tatu zilizoingia ukutani zilikuwa zimeoza. Nilishika moja kwa mkono, ikasagika kama tumbaku. Mwashi mzee wa Makunduchi aliyekuja kututazamia aliigonga lipu yetu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akaniambia: "Mwanangu, ukuta huu mmeuziba pua."

Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake na kwa miaka ya kuitengeneza nyumba ile upya. Nimeyapanga kama kazi inavyokwenda, kutoka juu kushuka chini, kwa sababu maji nayo ndivyo yanavyokwenda. Usianze na rangi ya sebuleni wakati paa linavuja.

Kwanza, ijue nyumba kabla hujaigusa

Chukua karatasi na penseli, uzunguke chumba kwa chumba. Nyumba moja yaweza kuwa ya Kiarabu, imejifungia kuzunguka ua wa ndani, na jirani yake ni ya Kihindi, duka chini na roshani mbele, lakini mifupa yao ni ile ile. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko, nyingi zililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Juu ya boriti yamepangwa mawe, na juu ya mawe pakashindiliwa kokoto na chokaa. Boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti.

Sasa inua macho utazame dari. Boriti zinaelekea upande gani? Kuta mbili zinazopokea ncha zake ndizo zilizobeba sakafu ya juu. Hizo usizitoboe kupanua duka, usizichimbe kupitisha bomba, hata fundi akikuapia kwamba ataweka mhimili wa chuma. Madaka na vidaka, yale mashubaka ya kuwekea vitu yaliyomo ukutani, viliachwa tangu ukuta unajengwa. Tundu la leo halifanani navyo.

Gonga plasta kwa kifundo cha kidole au kwa mpini wa nyundo. Ikitoa sauti nzito, imeshika. Ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta, na nyuma yake mara nyingi pana unyevu. Zungushia chaki kila mahali panapolia hivyo. Penye ufa, paka kiraka kidogo cha chokaa ukivuke ufa wenyewe, uandike tarehe pembeni. Kiraka kikipasuka baada ya miezi, ufa ni hai na nyumba inasogea, basi hapo umtafute mhandisi anayejua majengo ya mawe. Kikibaki kizima, ni ufa wa zamani uliotulia, unajazwa tu. Teremsha timazi kutoka dirisha la juu hadi chini uone kama ukuta umetoka nje, na uandike umetoka sentimita ngapi. Mwakani utapima tena.

Piga picha kila kitu, hata vile unavyoona havina maana. Sisi tulikuja kuijua rangi ya awali ya dari kwa sababu ya picha moja ya harusi ya shangazi.

Wenyewe na kibali

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokufa, kabla hata ya mchwa. Nyumba moja ina warithi ishirini, nusu wako Maskat na Mombasa, mirathi haijagawiwa, na hakuna anayetaka kutoa hela ya mabati kwa fungu ambalo halijui. Nyingine ni ya wakfu, iko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Nyingine ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na wakaaji wake ni wapangaji wa serikali. Jua kwanza nyumba yako iko fungu gani, kwa maandishi. Kama ni ya ukoo, kaeni kitako, mkubaliane juu ya paa peke yake. Kugawana kutakuja baadaye, na paa halingoji.

Kisha nenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ukaombe kibali. Mji mzima uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, una majengo zaidi ya 1,700, na una sheria yake ya mwaka 2010. Kazi yoyote inayogusa ukuta, paa, dirisha, mlango au sura ya nje usiianze kimyakimya usiku. Nenda na picha zako na ile karatasi uliyochora. Niliwaona watu wakiiogopa hatua hii kama mahakama, na mimi mwenyewe niliichelewesha. Nilipokwenda nilipata ushauri juu ya roshani ambao ungenigharimu pesa nyingi kuupata kwa makosa.

Panga kazi ianze masika yakishakatika, mwezi wa sita, na kila kitu cha nje kiwe kimekauka kabla ya vuli ya mwezi wa kumi. Kipupwe ndicho msimu wa chokaa, jua lake haliunguzi.

Paa na milizamu

Nyumba nyingi zilijengwa na paa la bapa, la chokaa iliyoshindiliwa. Mvua zetu zikalishinda, watu wakaongeza paa la mabati juu yake. Panda kati ya hayo mapaa mawili mchana wa jua kali, zima tochi, utazame juu. Kila nyota unayoiona ni tundu la msumari.

Badilisha mabati yaliyokula kutu, lakini macho yako zaidi yawe kwenye bonde ambapo mapaa mawili yanakutana na kwenye mifereji. Majani, manyoya ya njiwa na mifuko ya plastiki huziba hapo, maji yanafurika na kuingia kwenye kichwa cha ukuta, mahali pabaya kuliko pote, maana yakiingia hapo yanashuka ndani ya ukuta orofa zote. Mlizamu, ule mdomo wa kutolea maji ya paa nje, ukifupika unarushia maji ukutani. Urefushe umwage mbali.

Ukikuta mtini-mwitu umeota ukutani, usiung'oe kwa nguvu. Mizizi yake imeshika mawe na itatoka nayo. Ukate karibu na ukuta, uchimbue mzizi taratibu kadiri unavyofika, mwaka wa pili urudie, kisha ujaze tundu kwa mawe madogo na chokaa.

Na matangi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima ya maji. Nimeliona limewekwa katikati ya chumba juu ya boriti ambazo ziliwekwa kubeba kitanda, kabati na watu. Likiwezekana literemshe uani, upandishe maji kwa pampu. Likibidi kukaa juu, liwe juu ya ukuta mnene na si katikati ya boriti, na bomba lake la kufurikia limwage kwenye mfereji.

Mabomba, vyoo, viyoyozi

Vyoo vya zamani vilikuwa na mahali pake, mara nyingi upande mmoja wa nyumba, kimoja juu ya kingine, maji yakishuka kwa njia moja hadi kwenye karo. Nyumba ikigeuzwa vyumba vya wageni, kila chumba kinataka bafu lake, na mabomba yanapita juu ya boriti. Kama hamjaamua bado, nakuombeni mabafu yabaki upande ule ule wa zamani. Kama yameshajengwa, mabomba yapite nje ya ukuta, yanapoonekana. Bomba la nje likivuja utaliona siku ile ile. La ndani utalijua mwaka wa tano, kama sisi.

Maji ya kiyoyozi nayo yanadharauliwa. Tone moja moja, mchana kutwa, mwaka mzima, kwenye sehemu ile ile ya ukuta. Yakinge kwa kibomba mpaka chini.

Boriti

Tafuta msumari wa inchi 4. Ingia kila chumba na ngazi, uchome kila boriti pale inapoingia ukutani, pande zote mbili, kisha katikati. Mkoko mzima hauingizi ncha. Ukiingia bila nguvu, pameoza au pameliwa na mchwa. Boriti yaweza kuwa imepakwa rangi ikang'aa na ncha yake imekwisha, kwa hiyo usitosheke na macho.

Kabla ya kuitoa hata moja, tegemeza. Tia mirunda chini ya boriti zote za chumba, juu ya mbao ndefu, na kama chini yake kuna chumba kingine tegemeza na hicho, mpaka uzito ufike ardhini. Hamisha watu wote wanaolala juu na chini. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka mafundi wakiwa kazini, na watu wawili walifariki. Sote tulisikia kishindo au tulihadithiwa siku ile ile. Nyumba zetu ni ndogo, lakini jiwe ni lile lile.

Badilisha boriti moja moja, usifungue chumba kizima. Ikiwa ncha tu ndiyo mbovu na mwili ni mzima, mara nyingi inatosha kulaza boriti mpya ubavuni mwake. Boriti mpya iwe imekauka kivulini. Mbichi itapinda ikishabeba. Ukataji wa mikoko unadhibitiwa, hivyo nunua kwa mwenye kibali. Ncha inayoingia ukutani usiizike kwenye saruji. Ikae juu ya jiwe bapa, na ubavuni uache upenyo wa kidole ili upepo uifikie.

Watakwambia uondoe boriti zote umwage zege la nondo, umalize kazi maisha. Nondo zikikaa karibu na bahari, chumvi ya hewa ikazifikia, hushika kutu, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Nenda popote Mji Mkongwe palipojengwa roshani ya zege miaka ya nyuma, utazame chini yake utaziona nondo zimetoka nje. Na ili zege lishike, ukuta wa mawe hukatwa mfereji kuzunguka chumba chote, pale pale penye mzigo.

Chokaa

Hii ndiyo kazi yenyewe, na kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Matumbawe ni jiwe lenye vitundu, linanyonya maji kama sifongo. Waliotangulia hawakuzuia hilo. Ukuta ulikunywa unyevu wakati wa masika, na jua la kaskazi likautoa kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu haukomi kuingia, unatoka ardhini, kwenye paa, kwenye bomba. Unachozuia ni kutoka kwake. Unapanda juu zaidi kutafuta njia, unabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya saruji inaisukuma mpaka inabanduka na uso wa jiwe pamoja nayo. Rangi ya mafuta na tailizi za ukutani hufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo kwanza bandua saruji. Tumia tindo ndogo na nyundo nyepesi, uanze palipolia debe. Mashine ya kutoboa inatikisa mawe yaliyolegea, iache. Penye saruji iliyong'ang'ania jiwe zima, iache nayo mpaka ilegee yenyewe, kuliko kuivunja na jiwe. Ukishabandua, uache ukuta wazi. Wetu tuliuacha kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, tukiufagia kila wiki kwa ufagio mkavu, na kila wiki chumvi ilikuwa inatoka nyeupe kama sukari ya unga. Bi mkubwa alichoka na vumbi. Yule mwashi mzee akamwambia, "Vumilia, bibi, ukuta unatokwa jasho la miaka." Usiuoshe kwa maji, chumvi itarudi ndani.

Wakati ukuta unakauka, andaa chokaa. Ukipata chokaa mawe, ile iliyotoka tanuuni haijazimwa, uwe na hadhari kubwa: mimina chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, watoto wasiwepo, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi bila kusita, kisha nenda hospitali. Ikishatulia, ichekeche, uiweke kwenye pipa ikiwa imefunikwa na maji juu. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Wiki mbili ni haba, miezi mitatu ni raha. Ukikosa hiyo, chokaa ya mfuko inafaa mradi haijakaa dukani ikapigwa na hewa. Iloweke nayo usiku mzima au zaidi.

Mchanga usiwe wa baharini, una chumvi ile ile unayoikimbia. Kipimo chetu ni karai moja la chokaa kwa makarai matatu ya mchanga. Ukikwangua ukuta wako ukaona mchanganyiko wa asili ni mwekundu, tia udongo mwekundu uliochekechwa kidogo kwa tabaka la ndani, ufanane na wa mwanzo. Kanda sana, maji machache. Mzee alikuwa akichukua tonge la udongo ule mkononi, analifinyanga, analitupia ukutani. Likinata bila kuchuruzika anaanza kazi. Likichuruzika anarudi kwenye karai bila kusema neno.

Nyunyizia ukuta maji kabla ya kupiga. Jiwe kavu linaikausha chokaa kabla haijashika. Mashimo makubwa yajaze kwa vijiwe na chokaa, usiyajaze kwa plasta tupu. Tabaka moja lisizidi unene wa sentimita moja. Bonyeza kwa dole gumba: likiwa halizami ila kucha bado inaacha alama, ndipo tabaka la pili. Kati yake ni siku kadhaa, si saa. Tandika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta wa nje, uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa haikauki tu, inageuka tena kuwa jiwe kwa kuivuta hewa polepole, na ikikaushwa na jua itapukutika. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani ina maandishi ya mwaka 1107 yaliyochongwa kwenye matumbawe, nayo yanasomeka mpaka leo, ufukweni, kwenye upepo wa bahari.

Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, ya kwanza ionekane kama hujapaka kitu. Inang'aa ikikauka. Rudia kila baada ya miaka miwili mitatu, na kazi hii watoto wa nyumba wanaiweza.

Sakafu

Kabla ya kutandika tailizi juu, piga hesabu. Saruji na tailizi za unene wa sentimita 5 zina kilo 100 hivi kwa mita mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 ni karibu tani 2, umeziongeza juu ya boriti za babu yako. Na mara nyingi chini yake kuna sakafu ya tatu au ya nne, kila kizazi kilitandika juu ya mwenzake. Sisi tulitoa tabaka mbili za saruji, na dari ya chumba cha chini ikapanda kidogo mbele ya macho yetu. Tukarudisha chokaa na kokoto, tukaipondaponda kwa vipande vya mti siku nzima, binamu zangu wakiimba, mpaka maji yakaacha kujitokeza juu.

Mlango

Kwa mlango wa kuchonga la kutenda ni dogo, la kuacha ndilo kubwa. Usiupige msasa, unakula nakshi. Usiupake vanishi inayong'aa, itakuja kubabuka na kuulazimisha msasa. Toa vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye mfaa, ule mti wa katikati, na miimo ya pembeni, kisha mafuta mepesi kwa kitambaa, kidogo, ufute yanayobaki. Njumu za shaba, vile vichwa vilivyopigiliwa mlangoni, zisuguliwe kwa kitambaa chenye ndimu kilichozungushwa kidoleni, ndimu isitiririke kwenye mti. Tazama chini ya miimo kila mwaka, huko ndiko maji ya kudeki na ya barabarani yanakokaa na mchwa wanakoanzia. Fundi seremala anaweza kukata kipande kilichooza na kuunga kipya. Atakayekuja na hela kuununua mlango wenyewe, mwambie hauuzwi, na uhakikishe warithi wote wamekubaliana kumwambia hivyo.

Usiku wa mvua ya kwanza

Kazi ikishakwisha, subiri vuli. Siku mvua ya kwanza kubwa itakapopiga, hata kama ni saa nane ya usiku, amka. Chukua tochi na chaki, anza juu kabisa, chini ya mabati, ushuke orofa kwa orofa. Kila palipo na unyevu pazungushie chaki uandike tarehe. Toka mlangoni utazame milizamu inamwaga wapi na maji ya kichochoro yanakwenda wapi, kama yanaegemea baraza yako au yanaufikia mtaro. Asubuhi mwite fundi umwonyeshe michoro yako ya chaki, kabla haijafutika.